Tanjenti ya Nyuzi Thelathini na Tano

Ipagala, Dodoma
12 Oktoba

Kwako Kaka Romani,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana mama hajawahi kusikia mtoto wake akianza maneno bila salamu, na mimi sitaki niwe wa kwanza. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui na vumbi la kiangazi, na wifi Emilia na watoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Upepo wa hapa mwezi huu hauna adabu, nikifagia asubuhi, saa nne chumba kimesharudi kuwa uwanja. Mama nilizungumza naye Jumapili. Anasema goti limepungua, mtama upo wa kutosha hadi mvua, na anakusalimu sana. Salamu zake ni za upendo. Zangu ni za adabu tu, usizichanganye.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa nukta nundu. Mashine ya kuziandikia nimeazima kwa Mzee Bartolomayo, yule mstaafu wa kanisani, na imenichukua siku mbili kwa sababu vidole vyangu vimesahau. Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti, lakini nakujua, unasikiliza kwa kasi ya mara mbili na unaanza kujibu kabla mtu hajamaliza. Ningeandika kwa wino, ungempa wifi akusomee, naye kwa huruma yake angeruka maneno makali. Nataka uisome mwenyewe, kwa kidole chako, nukta kwa nukta. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi hizi nikiwa na miaka saba, ukiukandamiza mkono wangu kwenye karatasi mpaka unauma. Leo ni zamu yako.

Jumatatu ulinitumia ujumbe wa dakika nne. Unasema ulikuwa ombi, mimi nilisikia amri. Unataka niandike barua kwenye karatasi ya ofisi, yenye muhuri na sahihi yangu, nithibitishe kwamba mashine za kusoma kwa sauti tulizoleta shuleni kwenu haziwezi kukosea katika hesabu, ili Mkuu wa Shule, Mama Hilda, alifunge suala la Shamila kabla ya Ijumaa. Hata maneno ya kuandika umenipa. Hukuniuliza kama nimelala, kama nimekula. Ulimalizia kwa kunikumbusha kwamba ni wewe uliyenishika mkono ukanifikisha hapa nilipo. Kaka, sijasahau. Ningesahauje, na wewe unanikumbusha kila msimu wa kupanda?

Kabla sijakujibu, acha nieleze mambo yalivyokuwa, kwa sababu mama amesimuliwa kitu kingine kabisa. Mama anajua kwamba kuna binti wa Kondoa aliyekutukana darasani ukamrudisha nyumbani. Hajui zaidi ya hapo, na aliyemwambia hivyo ni wewe.

Nianze na sifa, nisije nikaonekana mchoyo. Shule nyingi mtoto asiyeona akifika kwenye hesabu anaambiwa apumzike, amesamehewa. Wewe ulikataa msamaha huo. Ulisema ubongo haukuugua surua, macho ndiyo yaliyougua. Ukapigana miaka tisa, na mwaka huu wanafunzi wako saba wa kidato cha nne watafanya mtihani wa taifa wa hesabu kama wenzao wanaoona. Hilo ni jambo kubwa, na nilipokuwa nakuchukia sana wiki hii nilijilazimisha kulikumbuka.

Shamila alikuwa wa kwanza katika hao saba. Siku ile mlikuwa mnafanya swali la mnara wa tangi la maji. Mtu amesimama mita arobaini kutoka kwenye mnara, akiinua uso kuelekea juu ya tangi pembe ni nyuzi thelathini na tano, mnara una urefu gani. Wanafunzi sita waliiuliza mashine, kila mmoja ya kwake, tanjenti ya pembe hiyo, ikawaambia, wakazidisha, wakapata mita kumi na nane na ushee. Shamila hakuiuliza mashine. Alikwenda kwenye rafu akatoa yale majedwali ya zamani ya nukta nundu, yale majuzuu mazito kama matofali, akapapasa, akapata sufuri nukta saba sufuri sufuri mbili. Akazidisha. Mita ishirini na nane.

Ulimwambia amekosea. Akasema hakukosea. Ukamwambia majedwali yale yamelika, nukta zake zimelala, kidole chake kimedanganywa. Akakujibu kwamba kidole chake hakijawahi kudanganywa, na kwamba labda mwalimu aulize mashine vizuri. Hapo ndipo ulipowaka. Ukaiuliza mashine yako mbele ya darasa zima, mara moja tu, ikasema sufuri nukta nne sita sita tatu. Na kama vile hiyo haikutosha, ukanipigia simu mimi.

Nakumbuka vizuri. Uliniweka kwenye spika. Ukawaambia wanafunzi kwamba huyu mnayemsikia ni mdogo wangu Scolastika, mtaalamu, ndiye anayezifungasha programu zote zilizomo ndani ya mashine hizi, hapa Dodoma hakuna anayemfikia. Kisha ukaniuliza kama mashine inaweza kukosea tanjenti. Nikajibu kwamba haiwezi. Ukasema asante, ukakata. Baadaye nikaambiwa kwamba ulimtaka Shamila asimame aombe radhi kwako, kwangu na kwa mashine. Kaka, kwa mashine! Akakataa. Ukampa barua ya kwenda kumleta mlezi, na asirudi mpaka awe tayari kuomba radhi mbele ya wale wale waliomsikia.

Leo ni siku ya kumi na saba. Hajarudi. Mtihani ni mwezi ujao.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu miaka yote hii unaitangaza na hujawahi hata siku moja kuniuliza inafanywaje. Unakumbuka nyumbani, kikombe chako cha bati kilikaa kulia kwa mtungi. Hayo yalikuwa mapatano ya nyumba nzima. Siku moja nilikiosha nikakiweka kushoto, ukanyoosha mkono kulia ukashika kopo la mafuta ya taa lililoachwa pale, ukanywa. Ulinizaba kibao ambacho shavu langu linakikumbuka mpaka leo, na mama akasema kwa Kisandawe kwamba nilistahili. Basi, ndani ya kompyuta ni hivyo hivyo. Programu ikitaka kukokotoa, haikokotoi yenyewe, inaiomba maktaba ya mfumo. Maktaba hapa si ya vitabu, ni mkusanyiko wa kazi ndogondogo ambazo programu zote huzitumia. Programu inaiwekea maktaba namba mahali fulani, maktaba inaichukua, inafanya kazi, inarudisha jibu. Mahali pa kuweka lazima pawe pamepatanwa.

Ubaya wa prosesa tulizonazo, yaani ubongo wa mashine, ni kwamba zinakubali mapatano mawili. Ya zamani yanaweka namba za desimali kulia kwa mtungi, mapya yanaziweka kushoto. Prosesa haibishi, inafuata yoyote. Kwa hiyo mimi kila maktaba naifungasha mara mbili, moja kwa mapatano ya zamani, moja kwa mapya, kila moja kwenye folda yake, na kila faili lina alama inayosema ni la mapatano gani. Mfumo ukitaka kufungua programu, kwanza unasoma alama. Zisipolingana, unakataa kufungua. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na mtu akiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Programu zetu nyingi ni za mapatano mapya. Ile ya hesabu peke yake ni ya zamani, tuliipokea hivyo hivyo kutoka kwa watu ambao siku hizi hata simu hawapokei.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi nikaenda Kondoa. Hujui hilo. Niliuliza sokoni mpaka nikafika kwa Mzee Hassani, mjomba wake Shamila, anayemlea tangu mama yake afariki. Walinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Mzee alisema kwa upole kwamba binti amesoma vya kutosha, kuna shangazi yake Babati anahitaji mtu wa kukaa naye, na kwamba yeye hawezi kumrudisha mtoto mahali alipoitwa mwongo mbele ya watu. Alisema angekuwa amekosea, yeye mwenyewe angempeleka akaombe radhi. Lakini anamjua, akiwa na hakika na jambo, hata umfanye nini. Shamila alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele kwa vidole, kokoto huku, mchele kule.

Nilimwambia yeye kwanza. Sasa nakwambia wewe.

Mwishoni mwa Julai bosi wangu, Leonard, alitaka mashine themanini ziwe tayari kwa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nzuguni, kisha zigawiwe mashuleni, shule yenu ikiwemo. Maktaba ya hesabu ya mapatano ya zamani nilikuwa sijaifungasha. Kuitengeneza na kuijaribu ni siku tatu, na mimi nilibakiwa na moja. Nikachukua ile ya mapatano mapya, nikaiweka kwenye folda ya zamani. Mfumo ukakataa, kama ulivyotakiwa kukataa, kwa sababu uliona alama. Kwa hiyo nikaifuta alama. Ni kazi ya dakika mbili, kaka. Nilifungua faili kwa programu ya kuhariri, nikabadili tarakimu moja pale mwanzoni, nikafunga. Mfumo haukuona alama yoyote, ukaruhusu.

Niliijaribu. Kujumlisha na kutoa kulikuwa sawa, maana namba nzima zina mahali pake pengine. Nikaiuliza tanjenti ya nyuzi arobaini na tano. Ikasema sufuri. Nikadhani haikunisikia, nikauliza tena, ikasema moja. Mara ya tatu, moja. Nikaridhika. Sikuijaribu kwa pembe nyingine. Ningeijaribu ningejua kwamba mashine ilikuwa inanyoosha mkono mahali pasipo na namba, inaokota iliyobaki kutoka swali lililotangulia, na inalijibu hilo. Swali lenu la mfano siku ile lilikuwa la nyuzi ishirini na tano. Watoto wote walikuwa wamelirudia mara mbili ili wazoee sauti, kisha wakaenda kwenye thelathini na tano wakauliza mara moja moja. Wote sita wakapewa tanjenti ya ishirini na tano. Na wewe vivyo hivyo. Ungeuliza mara mbili tu, mashine ingekuambia kwamba Shamila ni sahihi.

Hayo ni makosa ya haraka, na pengine ungenisamehe. Linalofuata ndilo lililonifanya nisipokee simu zako. Hitilafu hiyo niliigundua tarehe kumi na tisa Agosti. Niliiona kwa macho yangu, mezani kwangu, nikaielewa mwanzo mpaka mwisho. Nikasema nitaifungasha maktaba sahihi wiki ijayo kimyakimya, nani atajua. Wiki ijayo ikawa nyingine, na nyingine. Uliponipigia simu tarehe ishirini na tano Septemba, ukaniuliza mbele ya watoto kama mashine inaweza kukosea, nilikuwa najua kwa zaidi ya mwezi kwamba inakosea. Nilijibu haiwezi. Sikubabaika hata kidogo.

Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu nina miaka thelathini na mbili na ile ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukinisifu mbele ya watu. Mara zote mimi ndiye niliyesogeza kikombe. Siku ile nikawa mtaalamu asiye na mpinzani Dodoma nzima, nikashindwa kuuharibu utamu ule kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye sikuwa namfahamu. Nauona ubaya wake. Najionea aibu kiasi kwamba nikioga najikunja. Na najua utauliza nina uso gani wa kukufokea. Ninao huu huu, na bado nakufokea, kwa sababu sijamaliza.

Nilipomweleza Shamila yote haya hakulia wala hakunitukana. Alichambua mchele. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama Mwalimu Romani alijua. Nikamjibu kwamba sijui.

Nilimdanganya. Mashine zetu zinaweka kumbukumbu ya kila swali na kila jibu, pamoja na saa, ili sisi tuweze kutafuta hitilafu, na kumbukumbu hiyo hutufikia ofisini kila mashine inapopata mtandao. Siku mbili kabla ya kwenda Kondoa niliifungua ya kwako, ile inayofunguka kwa sauti yako peke yako. Tarehe ishirini na tano Septemba, asubuhi, nyuzi thelathini na tano, jibu sufuri nukta nne sita sita tatu. Hiyo ni ya darasani. Halafu saa nane na dakika kumi mchana, wanafunzi wakiwa wanakula na Shamila akiwa anafunga begi lake, uliiuliza tanjenti ya nyuzi arobaini na tano.

Uliiuliza hiyo kwa sababu jibu lake analijua kila aliyefundishwa na wewe. Ni moja kamili. Ulikuwa unaipima. Nayo ikalijibu swali lako la asubuhi, ikakutamkia sufuri nukta saba sufuri sufuri mbili. Namba ya Shamila, kaka. Ile ile, mpaka desimali ya nne. Uliisikia kwa masikio yako, ukaizima mashine. Yule binti alikuwa bado hajatoka getini.

Tangu siku hiyo hujaiuliza hesabu hata moja. Umeitumia kusomewa magazeti tu. Hesabu umerudi kwenye majedwali yako yaliyolika. Wiki mbili na ushee umejua, ukatuma wito kwa mlezi, ukamsimulia mama kuhusu binti mwenye mdomo, kisha Jumatatu ukanitaka mimi niweke sahihi na muhuri juu yake. Nilipokuwa nasoma kumbukumbu ile nilikuchukia kama sijawahi kumchukia mtu, na sehemu kubwa ya chuki hiyo ilikuwa kwa sababu nilijiona mimi humo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa mbali na sikumjua mtoto. Wewe ulimfundisha miaka minne.

Barua uliyoiomba nimeiandika, kwenye karatasi ya ofisi, ina sahihi na muhuri. Inasema kwamba mashine ilikosea, kwamba kosa ni langu na nililijua, na kwamba mwanafunzi Shamila alikuwa sahihi. Mama Hilda ameipata jana kwa mkono wangu. Leonard naye ana nakala. Mashine zote themanini zinarudishwa, maktaba sahihi nimekwisha kuifungasha kwa siku zile tatu ambazo Julai nilizikosa, na mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka watakaponiita. Sidhani kama wataniita.

Sehemu yako sikuiandika. Kumbukumbu ya saa nane na dakika kumi nimeifungua mimi peke yangu hadi sasa, na nimekuachia uiseme mwenyewe. Kabla sijaondoka kwao, Mzee Hassani alikubali binti arudi kwa sharti moja. Hataki barua, hataki Mkuu wa Shule, wala hanitaki mimi. Anataka mwalimu aliyemfukuza aje nyumbani kwake, aseme mbele ya majirani alichokijua na siku aliyokijua. Alichokijua sikumwambia. Safari ya binti kwenda kwa shangazi wa Babati ni Jumanne. Ukifika Jumatatu jioni hujaenda, nitakwenda mimi na kumbukumbu mkononi, na Shamila atalisikia jibu la swali lake kutoka kwangu. Utakuwa umempoteza yeye, na mimi pia.

Msalimie wifi Emilia, mwambie asinikasirikie kwa kumnyima kazi ya kukusomea. Wabusu watoto. Mama usimwambie lolote mpaka utoke Kondoa, kisha mwambie yote. Mimi nipo hapa hapa Ipagala, afya yangu ni hiyo niliyokueleza, na nitaipokea simu yako ukiwa njiani, si kabla.

Nilipokuwa naaga, Shamila alinisindikiza mpaka nje. Aliniambia kwamba ukija usije na mtu wa kukushika mkono, uje peke yako. Anasema mlio wa fimbo yako anaujua, na kwamba kila jioni anakaa pale mlangoni na mchele wake, anasikiliza.

Mdogo wako,
Scolastika